Wanaojenga mserereko waanze kwa kupima kimo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo ambalo limenikaa kifuani tangu mwezi uliopita. Nilifundisha fizikia na hisabati sekondari kwa miaka 31. Nimestaafu, na siku hizi kazi yangu kubwa ni kumsukuma mke wangu kwenye kiti cha magurudumu. Alipata kiharusi mwaka juzi, upande wa kulia ukalegea. Kila baada ya wiki mbili tunakwenda zahanati kupima presha na kuchukua dawa.

Zahanati hiyo imepata jengo jipya. Ni jengo zuri, lina madirisha ya alumini na sakafu ya vigae, na baraza yake imeinuliwa kwa ngazi nne. Pembeni ya ngazi wameweka njia ya mserereko kwa ajili ya viti vya magurudumu na machela. Nilipouona kwa mbali nilifurahi kwa dhati. Nikamwambia mama watoto, "Leo hatuombi mtu wa kutubeba."

Tukafika, nikakiweka kiti sawa, nikasukuma. Magurudumu ya mbele yakapanda, kiti kikainua pua kama ngalawa inayokabili wimbi, na tulipofika katikati nguvu zikaniishia. Kupanda siwezi, kurudi nyuma sithubutu. Nikabaki nimekiegemea kile kiti kwa kifua, visigino vimekita kwenye saruji, mke wangu macho yakitazama paa. Akasema taratibu, kwa ile sauti yake ya tangu augue, "Usiniachie." Kijana wa bodaboda aliyekuwa amekaa chini ya mwembe aliona, akaja mbio. "Shikamoo mwalimu, nipishe upande huu." Tukasukuma wawili mpaka juu. Pale juu mikono yangu ilitetemeka kiasi kwamba nesi alitaka kunipima presha mimi kwanza.

Kesho yake nilirudi na futikamba niliyoazima kwa fundi seremala. Nikapima kimo kutoka ardhini hadi usawa wa baraza: sentimita 60. Nikapima urefu wa mserereko kwa kufuata uso wake, kutoka chini mpaka ulipokutana na baraza: sentimita 180. Nikapima mara ya pili, maana sikutaka kumsingizia mtu. Ni 180.

Sasa naomba wasomaji wanivumilie kwa hesabu kidogo, kwa sababu shida yote iko humo. Mke wangu ana uzito wa kilo 65 na kiti chake kilo 15, jumla kilo 80. Mserereko ni mashine rahisi, na manufaa yake ya kimakanika, yaani mara ngapi inakupunguzia nguvu, unayapata kwa kugawanya urefu wake kwa kimo chake, tukiuweka msuguano kando. Sentimita 180 kwa 60 ni 3. Kwa hiyo zile kilo 80 zinanidai nguvu ya karibu kilo 27, nizishike bila kupumua mpaka nifike juu. Kama mserereko huo ungekuwa na urefu wa sentimita 720, manufaa yangekuwa 12, na mzigo uleule ungedai pungufu ya kilo 7. Mjukuu wetu wa darasa la sita angeweza kumpandisha bibi yake huku wakizungumza.

Wanafunzi wangu walikuwa wakiuliza kila mwaka: hizo kilo 20 zimekwenda wapi? Hazikwenda popote. Chukua kilo 27 kasoro kidogo uzidishe kwa mita 1.8, unapata 48. Chukua kilo 6.7 uzidishe kwa mita 7.2, unapata 48. Chukua kilo 80 uzinyanyue wima kwa mita 0.6, ni 48 ileile. Ni kama deni la dukani. Unaweza kulilipa kwa mkupuo au kidogo kidogo, lakini jumla haibadiliki. Mwenye mikono dhaifu hawezi kulipa kwa mkupuo. Anahitaji njia ndefu, na ule urefu ndio msaada wenyewe anaopewa. Anayeufupisha mserereko ameiondoa mashine akaacha umbo lake.

Haya sikuyajua kwanza kwenye vitabu. Marehemu baba alikuwa baharia wa majahazi, akipita Pangani, Tanga na visiwani. Hakwenda shule zaidi ya chuo cha Kurani. Nilipokuwa na miaka tisa alinipandisha chomboni siku ya kutweka tanga. Foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, ulikuwa mzito kupita kiasi, na pale sitahani palikuwa na watu sita tu. Kamba nene, henza, ilifungwa kwenye foromali, ikapita kichwani mwa mlingoti na kushuka upande wa pili, mwisho wake pakiwa na gofia, yaani roda ya kupitishia kamba. Kati ya gofia ile na kapi, roda nyingine iliyofungwa chini, jarari, yaani kamba ya kuvutia, ilikuwa inapita na kurudi, inapita na kurudi. Baba akaniambia nihesabu kamba zinazoshuka kutoka kwenye gofia. Nikahesabu nne. "Basi leo kila mtu humu ni watu wanne," akasema. "Ila tutavuta pima nne ili tanga lipande pima moja. Ukiona uvivu wa kuvuta kamba, tanga litabaki chini." Nikawatazama wakivuta kwa nyimbo. Kamba ilirundikana miguuni mwao mafungu kwa mafungu, na foromali ikapanda polepole.

Na bandarini nilimwona akipakia mapipa ya mafuta ya taa kwenye lori. Pipa la lita 200 likiwa limejaa lina kilo kama 180. Walikuwa watu wawili tu na ubao. Ubao uliegemezwa kwenye kitanda cha lori, urefu mita tatu, kimo mita moja. Pipa likalazwa chini. Kamba ikafungwa katikati yake juu ya lori, ncha zake mbili zikapitishwa chini ya pipa, zikalizunguka na kurudi juu, kila mtu akashika yake. Wakivuta, pipa linabingirika lenyewe kwenye ubao. Kamba imekunjwa mara mbili, hivyo inakupa 2. Ubao unakupa 3. Mbili mara tatu ni sita, na kilo 180 kwa 6 ni 30, kila mtu 15. Baba hakuwahi kuandika hesabu hiyo, lakini namkumbuka siku moja mwenye mzigo alipoleta ubao mfupi, wa mita moja na nusu hivi, kwa sababu ule mrefu uliazimwa. Baba alikaa chini, akakataa kushika kamba mpaka ubao mrefu urudishwe. Mwenye mzigo akalalamika kwamba ubao ni ubao. Baba akamjibu, "Huu ni wako, wewe unatazama tu. Uzito wa pipa uko mikononi mwetu."

Nimelikumbuka neno hilo mara nyingi mwezi huu.

Niseme pia kwamba wasomi walichelewa kuuelewa mteremko, ambao ndio mashine iliyomo kwenye mserereko wowote, kuliko zana nyingine. Heron wa Aleksandria, katika karne ya kwanza, aliorodhesha mashine rahisi tano: nyenzo, roda, kabari, parafujo (skrubu), na gurudumu na ekseli yake. Mteremko hakuutia kwenye orodha. Kwa miaka mingi baadaye watu walijenga na kupakia kwa kutumia miteremko bila mtu kusema kwa usahihi unapunguza nguvu kiasi gani. Mmoja wa walioonyesha jambo hilo kwa njia ya kupendeza ni Simon Stevin, mzaliwa wa Bruges, katika kitabu alichotoa mwaka 1586.

Alichora pembetatu iliyosimama juu ya kitako chake, upande mmoja ukiwa mrefu mara mbili ya mwenzake. Akaizungushia mkufu wa mipira 14 yenye uzito sawa na nafasi sawa, mfano wa tasbihi. Mipira minne ikalala upande mrefu, miwili upande mfupi, na minane ikaning'inia chini. Sasa, je, ile minne itaishinda ile miwili na kuuvuta mkufu? Ingekuwa hivyo, mkufu ungesogea, lakini baada ya kusogea hali ingekuwa ileile, minne huku na miwili kule, basi ungezidi kuzunguka milele bila mtu kuusukuma. Hilo haliwezekani. Kwa hiyo mkufu umetulia. Ile minane ya chini inavuta pande zote mbili sawasawa, unaweza kuikata ukaiondoa, na bado juu pametulia: minne ya upande mrefu inashikana sawa na miwili ya upande mfupi. Urefu ukizidi mara mbili, mvuto unapungua nusu. Stevin aliweka kwenye mchoro ule maneno ya Kiholanzi yenye maana ya "ajabu, na si ajabu".

Mimi nilikuwa nikiingia darasani na pembetatu ya mbao niliyochongewa na fundi, pamoja na mkufu wa shanga kubwa. Niliuweka mezani nikanyamaza. Watoto waliinama wakiusubiri utembee. Wapo waliobisha mpaka kengele inalia kwamba minne lazima iishinde miwili. Nilipenda sana kipindi kile. Wengine katika wale watoto leo ni mafundi, wasimamizi wa ujenzi, wakadiriaji majengo. Ndiyo maana naandika kwa uchungu. Kanuni hii tumeifundisha, wameijibu kwenye mtihani, wamepata alama zao, na bado mserereko wa zahanati umejengwa mara tatu ya kimo.

Wako watakaosema kwamba mgonjwa mwenye nguvu za mikono anaweza kujiendesha mwenyewe. Naomba waliangalie gurudumu la kiti kwa karibu. Lile duara la kushikia limekaribiana mno na ukubwa wa gurudumu lenyewe. Baiskeli inaweza kuwa na gia ya kupandia mlima, lakini kiti hiki hakina. Nguvu unayoitoa mkononi ndiyo karibu ileile inayofika chini, hivyo msaada wote lazima utoke kwenye mserereko. Mtu wa kilo 80 pamoja na kiti chake, kwenye mserereko ule, atahitaji kusukuma karibu kilo 27 kwa mikono miwili, na kila anapobadilisha mshiko kiti kinataka kurudi. Akijitahidi sana anaweza kupinduka kinyumenyume. Kushuka nako kuna hatari yake, kwa sababu kilo zilezile 27 zinamvuta kwenda chini, na mbele yake kuna ukuta wa tangi la maji. Mvua ikinyesha juu ya uso uliosuguliwa ukateleza, sitaki hata kufikiria. Uso wa mserereko huachwa na makwaruzo, fundi anapitisha ufagio mgumu kwenye saruji kabla haijakauka, basi. Ni kazi ya dakika chache.

Kipimo cha 1 kwa 12 sikukibuni mimi. Ndicho kinachotajwa na viwango vya majengo katika nchi nyingi. Marekani, kwa mfano, viwango vyao vya mwaka 2010 vinataka kila sentimita moja ya kimo ipate sentimita zisizopungua 12 za urefu, na kimo cha mserereko mmoja kisizidi sentimita 76 kabla hujaweka kituo cha kupumzikia. Sisi hapa Tanzania tuliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Ibara ya 9 ya mkataba ule inazungumzia kufikika kwa majengo na huduma. Jengo ambalo mgonjwa anaishia katikati ya mserereko wake halijafikika.

Nilimfuata msimamizi wa ujenzi, kwa adabu, vijana wake wakiwa bado wanamalizia uzio. Akaniambia, "Mzee wangu, kwenye mchoro wameandika mserereko, na mserereko tumeweka." Nikamuuliza mchoro umeandika urefu gani. Akasema nafasi haikutosha, na saruji ilikuwa imepangiwa kazi nyingine.

Nianze na saruji. Mserereko wa upana wa sentimita 120 na urefu wa sentimita 180 una uso wa mita za mraba 2.16. Ukiufikisha sentimita 720 unakuwa mita za mraba 8.64. Tofauti ni 6.48. Zege la unene wa sentimita 10 juu ya hapo ni kama theluthi mbili za mita moja ya ujazo. Kwa mchanganyiko wa kawaida wa moja, mbili, nne, hiyo ni mifuko minne au mitano ya saruji. Chini yake ni mawe na moramu, na kuta mbili fupi za pembeni. Sisemi ni bure. Lakini kwa jengo lenye vigae mpaka chooni, mifuko mitano isingekuwa mzigo.

Halafu nafasi. Mserereko si lazima unyooke. Kila aliyepanda gari kutoka Mombo kwenda Lushoto anajua. Mji ule uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Mombo iko chini kabisa miguuni mwa Usambara, na barabara haiendi moja kwa moja juu. Inazunguka ubavuni mwa mlima kona baada ya kona kwa zaidi ya kilomita 30, na hivyo basi la abiria linapanda. Hata parafujo ni mteremko uliokunjwa. Kata karatasi pembetatu, uizungushe kwenye penseli, utaona ule mteremko umegeuka uzi wa parafujo. Mbele ya zahanati ile pana uwanja wa kutosha. Mita 3.6 kwenda, kituo tambarare cha kugeuzia kiti, mita 3.6 kurudi, reli za kushikia pande zote mbili, na mgonjwa yuko mlangoni. Mwembe usingeguswa.

Nilirudi nikakaa chini ya mwembe huo asubuhi moja, tangu saa mbili mpaka saa tano, nikaandika kwenye daftari niliyoyaona. Mama mjamzito aliyeletwa kwa bajaji alipitishwa kwenye ngazi, ameshikwa mikono na dada zake wawili. Mzee mwenye mkongojo aliutazama mserereko, akaujaribu kwa ncha ya mkongojo wake, akageuka akapanda ngazi moja moja. Vijana wawili walileta mtungi wa gesi ya oksijeni kwenye kitoroli. Wakakiacha kitoroli chini, wakaubeba mtungi mabegani. Hakuna hata mmoja aliyepita kwenye mserereko. Watoto ndio walioutumia, wakiuteleza kwa makalio.

Ombi langu kwa wanaosimamia majengo ya umma ni moja na dogo. Kabla fundi hajamwaga zege, achukue futikamba apime kimo, azidishe kwa 12, kisha atafute pa kuuweka huo urefu. Asianze na nafasi iliyobaki baada ya maua na maegesho ya pikipiki. Na wanaokagua kazi kabla ya kulipa wapime vilevile, kwa sababu neno "mserereko" likiwekewa alama ya vyema kwenye karatasi bila namba, halimsaidii mtu. Pale ambapo umeshajengwa mfupi, kama kwetu, inawezekana kuuongeza kwa mbele. Moramu ipo, mawe yapo, na sisi wazee wa mtaa tuko tayari kuchangia saruji hiyo mifuko mitano ili mradi turuhusiwe na tupewe fundi wa kutusimamia. Nimeshaandika barua kuomba ruhusa hiyo na nimeambatanisha mchoro wenye vipimo.

Kwa walimu wenzangu mlio bado kazini: watoeni watoto nje na futikamba. Wapime mserereko wa shule yao, wa ofisi ya kata, wa msikiti na kanisa, wa benki. Wagawanye urefu kwa kimo waandike jibu ubaoni, kisha wamsukume mwenzao kwenye kiti ili mikono yao iijue ile namba. Mtoto aliyesukuma tatu, akasukuma na kumi na mbili, hatachora mserereko mfupi atakapokuwa mkandarasi.

Kliniki yetu nyingine ni Jumanne. Nimepatana na yule kijana wa bodaboda atusubiri chini ya mwembe saa mbili asubuhi. Amekataa kupokea hela.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Tanga